Tathmini ya Bajaji Mjini Dodoma, Pamoja na Habari za Corradino D'Ascanio Aliyeasisi Umbo Lake

Bajaji ndiyo chombo cha usafiri kinachonifaa zaidi kwa safari za ndani ya Jiji la Dodoma, na ndicho ninachomshauri mtu wa kipato cha kati akinunue iwapo anataka kuingia katika biashara ya kubeba abiria, mradi ajue mapema mipaka ya kazi yake. Nimeipanda kwa miaka mingi kutoka Majengo hadi Area C, kutoka Sabasaba hadi Ipagala, na kutoka stendi kuu ya Nzuguni nikiwa na mizigo. Pia nimekaa sana katika gereji nikitazama mafundi wakiifungua na kuifunga. Tathmini hii haihusu toleo la kampuni moja, kwa kuwa bajaji zinazotembea hapa mjini hutoka katika viwanda mbalimbali. Inahusu umbo lake, yaani namna injini, magurudumu, viti na usukani vilivyopangwa, umbo ambalo viwanda hivyo vimelirithi kutoka chanzo kimoja. Chanzo hicho kina jina la mtu, na ni haki atajwe katika mji ambao watu wengi hupanda kazi yake kila siku bila kumjua.

Mtu huyo ni Corradino D'Ascanio, aliyezaliwa tarehe 1 Februari 1891 katika mji mdogo wa Popoli, mkoa wa Abruzzo, nchini Italia. Hakuwa mtu wa pikipiki wala wa magari. Alikuwa mtu wa ndege tangu utotoni: alipokuwa na umri wa miaka 15 alijitengenezea chombo cha kuelea angani kisicho na injini, miaka michache tu baada ya ndugu wawili wa familia ya Wright kuruka kwa mara ya kwanza huko Marekani. Alihitimu uhandisi wa mitambo mjini Turin mwaka 1914, akatumikia kikosi cha anga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akafanya kazi kwa muda mfupi Marekani, kisha akarudi kwao kuishughulikia ndoto iliyomtawala maisha yake yote, nayo ni helikopta. Mwezi Oktoba 1930, kwenye uwanja wa Ciampino karibu na Roma, helikopta yake iliyoitwa D'AT3, aliyoibuni kwa kushirikiana na Pietro Trojani, iliruka umbali wa mita 1,078, ikapanda hadi mita 18 na ikakaa angani kwa dakika 8 na sekunde 45. Leo mtu anaweza kuziona tarakimu hizo kuwa ndogo, lakini wakati ule zilikuwa rekodi za dunia. Hata hivyo rekodi hazikuleta fedha. Kampuni yake ilikwama, na mwaka 1932 akaajiriwa na Piaggio, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza ndege, ili achore panga boi ambazo pembe za mabawa yake hubadilika ndege ikiwa angani.

Mazoea hayo ya mtu wa ndege yamo ndani ya bajaji hadi leo, na mahali pa kuyaona kwa urahisi ni kwenye gurudumu la mbele. Litazame chombo kikiwa kimesimama kituoni: utaona limeshikwa kwa upande mmoja tu, kwa mkono mnene wa chuma, wala halikubanwa kati ya pande mbili za uma kama la baiskeli au la bodaboda. D'Ascanio aliuchukua mpangilio huo kutoka kwenye magurudumu ambayo ndege hutulia nayo ardhini. Alikuwa akiichukia kazi ya kubadilisha tairi la pikipiki, ambayo ilimlazimu mtu kulegeza ekseli na kuparamia vyuma vyenye grisi pembezoni mwa barabara. Gurudumu lililoshikwa upande mmoja hufunguliwa nati zake, likavutwa kando, na la akiba likawekwa mahali pake. Rimu nayo ina vipande viwili vilivyounganishwa kwa bolti, hivyo fundi huviachanisha na kuutoa mpira wa ndani bila kupigana na tairi kwa vyuma. (Bolti hizo zisiguswe kabla ya upepo wote kutoka, maana rimu yenye upepo ikifunguliwa huweza kurusha kipande na kumjeruhi mtu vibaya.) Kwa kuwa magurudumu yote matatu yana kipimo kimoja, tairi moja la akiba linatosha kwa mbele na kwa nyuma.

Anayeijua Dodoma ataona mara moja thamani ya jambo hilo. Ukitoka kwenye lami ukaingia njia za Nkuhungu, Ntyuka au Mkonze, unakutana na mchanga, kokoto na miba ya migunga, na pancha ni sehemu ya kawaida ya siku ya dereva. Dereva mzoefu hulibadilisha gurudumu upesi kiasi kwamba abiria hawaulizi habari ya kurudishiwa nauli. Gari dogo linahitaji jeki imara na mahali tambarare. Bajaji tupu huinuliwa na watu wawili huku wa tatu akisukumiza jiwe chini yake. Katika vyombo vyote vya biashara ninavyovijua hapa mjini, hakuna kinachomrudisha dereva wake kazini haraka namna hii.

Namna mtu wa helikopta alivyofikia magurudumu madogo ni habari ya vita. Kiwanda cha Piaggio kilichokuwa Pontedera, katika mkoa wa Toscana, kilishambuliwa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa sababu kilitengeneza ndege za kivita, na vita vilipokwisha mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, alikuwa na wafanyakazi wasio na cha kutengeneza na taifa zima lisilo na uwezo wa kununua magari. Akataka skuta, yaani pikipiki ndogo yenye magurudumu madogo, ya bei nafuu. Sampuli ya kwanza, iliyochorwa na wahandisi wake wengine, haikumpendeza, ndipo akamgeukia D'Ascanio. Wakati huo D'Ascanio alikuwa amekwisha kulifikiria suala hilo kwa ajili ya mwenye viwanda mwingine, Ferdinando Innocenti, lakini wakatofautiana: Innocenti alikuwa mfanyabiashara wa mabomba ya chuma na alitaka fremu ya mabomba, ilhali D'Ascanio alitaka bati lililofinyangwa, ambalo lenyewe ndilo bodi na ndilo fremu, kama ilivyo kwa ndege. Hakukubali kuiacha rai yake. Alipokwenda nayo kwa Piaggio ikakubaliwa, na tarehe 23 Aprili 1946 hataza, yaani hati ya kulinda haki ya ubunifu, ya skuta iliyoitwa Vespa ikawasilishwa mjini Florence. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 98 tu. Kufikia mwaka 1956 Vespa milioni moja zilikuwa zimekwisha kutengenezwa.

Kinachonivutia katika kazi hiyo ni kwamba ilichorwa na mtu ambaye hakuzipenda pikipiki, kwa hiyo hakuanza na mashine bali na nguo za mpandaji. Pikipiki zilimchafua mtu kwa mafuta ya mnyororo, basi aliuondoa mnyororo na kuiweka injini karibu na gurudumu la nyuma ili nguvu ipite kwenye gia moja kwa moja. Ziliirushia miguu matope, basi alitanua bati pana mbele. Zilimtaka mtu ainue mguu juu ya kiti, jambo ambalo mwanamke aliyevaa sketi au padri mwenye kanzu hakuliweza kwa heshima, basi aliacha nafasi wazi katikati ili mtu akanyage ndani na kuketi wima kama aliyeketi kitini. Gia alizipeleka kwenye mkono wa kushoto wa usukani, penye klachi.

Bajaji imeyabeba karibu yote hayo. Dereva wake hubana klachi na kuzungusha gia kwa mkono wa kushoto, bodi yake ni bati lililofinyangwa na kuchomelewa pamoja, na nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu ya nyuma kupitia fimbo zinazozunguka, bila mnyororo. D'Ascanio aliukimbia mnyororo kwa sababu ya mafuta yake. Sisi tunafaidika kwa sababu ya vumbi letu. Kati ya Juni na Oktoba upepo wa Dodoma huinua udongo mwekundu na kuupenyeza kila mahali, na mnyororo wa bodaboda uliojaa grisi huwa mtego wa mchanga unaolika haraka pamoja na meno ya gia zake. Bajaji imeepukana na gharama hiyo, ingawa kichujio chake cha hewa kinahitaji kusafishwa mara nyingi zaidi kuliko inavyoandikwa katika vitabu vya matengenezo, na mwenye chombo akilipuuza hilo injini itamlipiza. Bodi ya bati nayo hukaa muda mrefu hapa kuliko Tanga au Dar es Salaam, kwa kuwa hewa yetu ni kavu na haina chumvi ya bahari. Ikipata ufa, mchomeleaji yeyote wa mtaani huifunga.

Nafasi wazi ya kukanyagia ndiyo ninayoipa alama za juu kuliko zote. Sakafu ya bajaji iko chini, na mlango wake ni upana mzima wa ubavu, hivyo mama aliyejifunga kitenge, mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya nyanya kutoka Soko la Majengo, huingia na kuketi bila kuombwa ageuke upande upande kama inavyokuwa kwenye bodaboda. Mzee mwenye fimbo huingia kwa hatua moja. Nimemwona dereva akimpokea bibi mmoja mzigo kwa maneno ya kawaida kabisa, “Shikamoo bibi, lete kikapu kwanza, kisha ukae taratibu,” na kikapu kikakaa miguuni pake bila kufungwa kamba wala kuinuliwa juu ya paa. Daladala haimpi mtu nafasi ya namna hiyo, na teksi humtoza fedha ambayo wengi hawana. Uwezo wake wa kugeuka katika eneo dogo pia ni wa kusifiwa: katika vichochoro vya Chang'ombe hugeuka mahali ambapo gari lingelazimika kurudi nyuma mara kadhaa.

Hapa ndipo sifa za kurithi zinapoishia, kwa maana bajaji si Vespa. Mwaka 1948 Piaggio ilitoa chombo cha mizigo kilichoitwa Ape, kilichotokana na skuta ile ile, kikiwa na magurudumu mawili nyuma na sanduku lenye uwezo wa kubeba kilo 200 hivi. Kilikuwa chombo cha muuza mboga na mwokaji mikate katika miji yenye barabara nyembamba. Kampuni ya Bajaj ya India, ambayo awali iliagiza Vespa kutoka Italia, ilianza kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni hiyo ilikoma mwaka 1971, lakini umbo likabaki na kuendelezwa. Injini ya mipigo miwili, ambayo petroli yake huchanganywa na oili, imewaachia nafasi ndugu zake wa mipigo minne, wenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 200, na gia ya kurudi nyuma imeongezwa. Kwa hiyo tunapoketi watatu kwenye kiti cha nyuma, tumeketi mahali palipowekwa kwa ajili ya masanduku ya matunda, na udhaifu mwingi wa bajaji unaanzia hapo.

Ulio mkubwa zaidi ni uthabiti. Skuta ya magurudumu mawili huegemea ndani ya kona pamoja na mpandaji wake, na hivyo hubaki salama. Bajaji haiwezi kuegemea. Dereva anapokunja kona huku akibana breki, uzito wa chombo na wa abiria hukimbilia mbele na upande wa nje, mahali ambapo hakuna gurudumu la kuupokea, na gurudumu la nyuma la upande wa ndani huanza kuwa jepesi. Akiongeza abiria wa nne pembeni yake kwenye kiti cha mbele, jambo ambalo hufanyika mara nyingi kuliko linavyopaswa, anazidisha uzito ule ule unaokimbilia pasipo gurudumu. Kwa sababu hiyo breki zibanwe kabla ya kona, si ndani yake. Katika vipilefti vya mji wetu abiria ana haki kabisa ya kusema, “Mwanangu, punguza mwendo kabla hatujaingia,” na dereva mwenye busara hujibu, “Sawa mama,” bila kununa.

Udhaifu wa pili ni barabara kuu. Siipendekezi bajaji kwa safari ya kutoka mjini hadi Mji wa Serikali wa Mtumba kwa kufuata barabara ya Morogoro, wala kwa barabara ya Singida, ambako malori marefu yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo hupita kwa kasi. Chombo chepesi chenye ubavu wazi husukumwa na upepo wa lori, na magurudumu yake madogo huzama katika shimo ambalo gari lingelipita. Mlima nao huikabili vibaya: ikielekea Chuo Kikuu cha Dodoma upande wa Chimwaga ikiwa na abiria kamili, hulazimika kutumia gia ndogo kwa muda mrefu, na joto la injini iliyo chini na nyuma ya kiti huwafikia waliokaa juu yake. Kelele zake wakati huo huwanyima watu mazungumzo.

Mvua ni jambo jingine. Ingawa mvua zetu ni chache, zikija kati ya Desemba na Aprili huja kwa nguvu, makorongo hujaa ghafla, na maturubai ya pembeni huzuia sehemu tu ya maji. Breki zikiingiwa na maji hupungukiwa nguvu kwa muda, hivyo baada ya kuvuka dimbwi dereva azikanyage polepole mara kadhaa huku chombo kikitembea, zikauke. Vumbi la kiangazi halina dawa hiyo. Bati la mbele lililobuniwa kuizuia tope la Italia linamkinga dereva magoti, lakini abiria wa nyuma huvuta hewa inayozunguka kutoka ubavuni, na mwenye pumu afanye vyema kufunika pua.

Lazima niseme kwa uadilifu kwamba D'Ascanio hawezi kulaumiwa kwa hayo. Kazi aliyopewa ilikuwa skuta ya watu wawili na gari la mizigo midogo, na zote mbili alizitimiza kwa ukamilifu. Moyo wake haukuwahi kuhama kutoka helikopta. Aliendelea kuzichora akiwa Piaggio, baadaye akafanya kazi hiyo na kampuni ya Agusta, na kwa miaka mingi alifundisha uchoraji wa mashine katika Chuo Kikuu cha Pisa. Helikopta zilizoenea duniani zilikuwa za wengine, hasa Igor Sikorsky, ambaye chombo chake kiliruka mwaka 1939, karibu miaka tisa baada ya rekodi za Ciampino. D'Ascanio alifariki mjini Pisa tarehe 6 Agosti 1981 akiwa na umri wa miaka 90. Naamini anastahili heshima kubwa zaidi kuliko anayopewa, kwa sababu wabunifu wengi husifiwa kwa vitu vya majumba ya makumbusho, ilhali kitu chake kinamlisha kijana wa Dodoma, kinamlipia ada mdogo wake, na kinamfikisha mgonjwa hospitalini usiku.

Kwa upande wa biashara nitasema machache. Wenye bajaji wengi humpa dereva chombo alete hesabu ya kila siku au ya wiki, na wengine huingia mkataba ambao mwisho wake chombo huwa mali ya dereva. Mkataba ninaupendelea zaidi, kwa kuwa anayejua kwamba chombo kitakuwa chake hukisafisha kichujio cha hewa bila kukumbushwa, na haongezi abiria wa nne kwa sababu anajua ni nani atakayenunua mkono wa mbele ukipinda. Leseni ya usafirishaji na bima zikamilishwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Anayenunua iliyotumika alishike gurudumu la mbele kwa mikono miwili na kulitikisa kando: likicheza, mkono na bushi zake vimechoka, na hiyo ndiyo sehemu asiyopaswa kuifanyia subira. Apige magoti atazame bati chini ya miguu ya dereva, ambapo nyufa huanza na ambapo rangi mpya hufichia welding ya zamani. Aiondoe kwa gia ya kwanza huku akisikiliza nyuma. Mgongano unaojirudia kila inapoanza kuvuta huashiria kwamba viungo vya fimbo za magurudumu vimelika. Anayenunua mpya achague ya mipigo minne, aulize kwanza kwa mafundi wa kituo chake ni vipuri vya aina gani vinavyopatikana Dodoma bila kuagizwa Dar es Salaam, na fedha itakayobaki aitumie kununua matairi manne mazuri, likiwemo la akiba, kabla ya kufikiria redio na taa za urembo.